Mama Kibali Alivyopandishwa Ghorofani

Ukitaka kumzika mtu katika mji ule, ilikuwa lazima upite kwa Mama Kibali. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichoning'iniza shingoni, lakini hakuna aliyelisoma. Alikaa dirisha la mwisho la ukumbi wa chini wa baraza la mji, mahali ambapo feni ilizunguka kwa kusuasua kama inayotafuta kisingizio cha kusimama. Kazi yake ilikuwa kuandika vibali vya mazishi. Watu walimjia macho yamewaiva, karatasi za hospitali mikononi. Aliwapa pole, akawapa fomu, kisha akawaambia neno ambalo hakupenda kulisema: kwamba safari ndiyo kwanza inaanza.

Fomu ile ilitaka sahihi ya afisa afya, na afisa afya alikaa jengo jingine, nyuma ya soko. Kutoka hapo ulipaswa kwenda kwa msimamizi wa makaburi, nje ya mji, naye akuonyeshe nafasi na atie sahihi yake. Ndipo urudi kwa Mama Kibali upigiwe muhuri. Ukimkosa mmoja wao, njoo kesho. Walinzi wa getini walikuwa na msemo wao: marehemu kalala, walio hai wanakimbizwa.

Mama Kibali alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi akiwa nje ya dirisha na mkimya akiwa ndani yake. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Kibaraza cha nyumba yao kilijaa mizoga ya friji za watu, na wageni walilazimika kupita upande upande kufika mlangoni. Binti yao alikuwa chuoni akisomea uuguzi. Miaka nenda miaka rudi Mama Kibali alipiga muhuri, akarudi nyumbani, akaosha mikono kabla ya kumsalimia mtu.

Adhuhuri moja alikuja kijana mmoja, shati limefungwa vifungo kombo, amekumbatia furushi la shuka jeupe. Alikuwa keshazunguka kote; fomu yake ilikuwa na sahihi zote. Mama Kibali, ambaye asubuhi alimpa fomu ile bila kumtazama vizuri, akamsogezea kalamu.

"Andika jina lako hapa chini, baba. Weka kwanza mzigo wako kwenye kiti."

Kijana hakusogea. "Si mzigo, mama," alisema taratibu. "Ni mwanangu."

Hospitali walimkabidhi mtoto alfajiri. Mama mtu alikuwa bado kalazwa, nyumbani hakuna mtu. Basi kijana alimbeba mwanawe kwenda kwa afisa afya, akambeba kwenda makaburini, akambeba kurudi, na kila dirisha aliloinamia aliambiwa asogee pembeni awapishe wenzake.

Mama Kibali alitoka nje ya dirisha lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi, akampokea yule mtoto mikononi ili baba yake apate kuandika.

Jioni alimsimulia mumewe. Fundi alizima moto aliokuwa akiunganishia mabomba.

"Sasa utafanyaje?" aliuliza.

"Sijui. Ila hili siliwezi tena."

Nyuma ya dirisha lake palikuwa na chumba kilichotupiwa viti vibovu. Yeye na mfagizi walikisafisha. Kisha akaenda nyuma ya soko kumwona afisa afya, bwana mmoja mrefu aliyekuwa akiyalalamikia magoti yake kuliko alivyolalamikia mshahara. Alimwomba aje akae chumbani mle kila asubuhi.

"Nani kaidhinisha?" aliuliza afisa afya.

"Chai imeidhinisha. Nitakuja na chupa nzima kutoka nyumbani. Na huku kwetu hakuna ngazi."

Neno la ngazi ndilo lililomshinda bwana yule. Msimamizi wa makaburi hakuhitaji kubembelezwa. Watu walimwita Jirani wa Wote, kwa kuwa, kama alivyopenda kusema mwenyewe, hakuna asiyekuwa na mpango wa kuhamia kwake. Alikuja na ramani yake ya makaburi chini ya kwapa, akaitundika ukutani, akavuta kiti.

Mambo yakaenda. Mtu aliingia na karatasi ya hospitali, akatoka na kibali, machozi yake hayajakauka. Hapakuwa na mkutano wala waraka. Walikuwa watu watatu, meza moja na chupa ya chai. Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo, na katika maisha yake yote ya kazi Mama Kibali hakuwahi kulala usingizi mzuri namna ile.

Kisha Mkurugenzi akamwita.

"Nimekwisha," aliwaambia wenzake. "Kuna mtu kanichongea."

"Wakikufukuza, kwangu kuna nafasi," alisema Jirani wa Wote.

"Nafasi ya kazi au ya kulala?"

"Utachagua mwenyewe."

Mkurugenzi wa baraza alikuwa mtu mtanashati, mwenye kunukia vizuri, asiyetulia kitini. Alikuwa ametoka kwenye semina moja kubwa ambako walifundishwa kwamba baraza lisilo na utamaduni wa ubunifu ni baraza mfu. Alirudi na moto kifuani na hakujua auwashie wapi. Ndipo akasikia habari za chumba cha chini.

"Mama, wewe ndiye niliyekuwa nikikutafuta!" alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Umethubutu. Hukungoja kuambiwa. Kuanzia mwezi ujao wewe ni Mratibu wa Utamaduni wa Ubunifu, baraza zima."

Mama Kibali alitafuta pa kushika. "Na dirisha langu, mheshimiwa?"

"Dirisha!" Mkurugenzi alicheka. "Mama, tunakutoa dirishani tunakupa mlango."

Nyumbani ilikuwa furaha tupu. Fundi alitoka kwenye kibaraza akiwa na bisibisi mkononi akawatangazia majirani. Wifi yake, dada wa fundi, aliyekaa nyumba ya pili, alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. "Wifi, mimi mawazo ninayo tele, sema tu hujawahi kuniuliza," alimwambia. Binti alipiga simu kutoka chuoni akilia kwa furaha. Mama Kibali alicheka nao. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Chumba alichopewa kilikuwa ghorofa ya juu. Kilikuwa na viti vya magurudumu, vya rangi ya chungwa na kijani, na ukuta mmoja ulioachwa mtupu ili ubandikwe vikaratasi vya mawazo. Madirisha yalikuwa ya vioo visivyofunguka, kwa sababu chumba kilipangiwa kiyoyozi. Kiyoyozi kilikuwa bado hakijafika. Kufikia adhuhuri Mama Kibali alikuwa akijipepea kwa jalada la faili, akiangalia watu wadogo wadogo wakipita uani bila kusikia hata sauti zao.

Waraka wa kwanza uliotoka ulikuwa na jina lake chini, ingawa maneno yalikuwa ya Mkurugenzi. Ulisema kila jambo jipya katika baraza lazima lipitie Kitengo cha Ubunifu, lipimwe, lipelekwe kwenye kamati, na lisianze kutumika mpaka mwongozo upitishwe. Yalikuwa maneno mazuri ukiyasoma haraka. Mkuu wa idara ya afya aliyasoma polepole. Siku ile ile alimwita afisa wake na kumuuliza ni mwongozo gani uliompeleka kukaa chumba cha chini akaacha kituo chake. Hakukuwa na mwongozo. Afisa akarudi nyuma ya soko na magoti yake. Jirani wa Wote akakunja ramani. Chumba kikatiwa kufuli.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Mama Kibali aliliona hilo kwenye karatasi yenye sahihi yake mwenyewe.

Mwongozo aliuandika mara moja, wala haukuwa na maneno mengi: watu hawa wakae chumba hiki, asubuhi, kila siku. Kamati iliurudisha, ikataka malengo. Akaweka malengo. Ikaurudisha, malengo ni mengi. Akapunguza. Kamati haikukutana kwa kuwa mwenyekiti alisafiri. Ilipokutana ilitaka maoni ya mwanasheria, na mwanasheria alikuwa likizo. Wakati huo wote, kila aliposhuka ngazi, alisikia lugha ile ile ya zamani ikirudi ukumbini: nenda nyuma ya soko, kisha nenda makaburini, kisha urudi.

Dirishani kwake alikuwa amewekwa karani msichana, mpole. Siku moja Mama Kibali alishindwa kujizuia.

"Mwanangu, huwezi hata kumpigia simu afisa afya, ukamwambia kuna wafiwa?"

"Naweza, mama," karani alijibu, akainamisha macho. "Ila nimeambiwa tusubiri mwongozo wako."

Huko maofisini walimwita Bosi wa Mawazo. Akitokea kwenye korido, mtu mmoja husema, "Ficheni mawazo, bosi wake kaja," na wenzake huangua kicheko. Hawakuwa na chuki naye. Walikuwa wameona vitengo vingi vikija na kuondoka, wakajifunza kuinama upepo upite. Sanduku la maoni aliloliweka ngazini lilijaa, akafurahi, akalifungua: karibu karatasi zote zilisema mlango wa choo cha wafanyakazi haufungiki. Alizipeleka idara ya ujenzi. Mkuu wa ujenzi alizisoma, akamrudishia. "Huu si ubunifu, mama. Haya ni matengenezo. Pitia kwa idara inayohusika."

"Idara inayohusika ni ipi?"

"Ni sisi. Lakini kwa fomu nyingine."

Alimfuata Mkurugenzi na kumwomba arudi dirishani. Hakumficha kitu, alimweleza kwamba kule juu hafanyi lolote, na kwamba hata kile kidogo alichokuwa akifanya kimekufa.

"Mama, cheo hakirudi nyuma," alisema Mkurugenzi, kwa upole wa kweli. "Ukishuka watasema ubunifu umeshindwa. Watasema mimi nimeshindwa. Vumilia, utamaduni haujengwi kwa siku moja."

Jioni alijaribu kwa mumewe. Fundi alikuwa ameshaanza kuongeza chumba kwa ajili ya binti, mchanga umemwagwa mbele ya nyumba.

"Mke wangu," alisema, akipangusa mikono, "watu wanakesha wakiomba kupanda, wewe unaomba kushuka? Tutamwambia nini mtoto? Tutawaambia nini watu?"

Hakusema kwa ubaya. Kila mtu aliyemfungia mlango alikuwa akimtakia mema. Alizoea kukaa kwenye kiti cha rangi ya chungwa na kujisukuma kwa mguu mpaka dirishani, kisha kurudi mpaka mezani, kisha dirishani tena.

Ndipo zikaja habari za wageni. Ujumbe kutoka wizarani na mabaraza mengine ulikuwa unakuja kujionea ubunifu. Mkurugenzi aliamuru chumba cha chini kifunguliwe.

"Si mwongozo haujapita?" aliuliza Mama Kibali.

"Wageni hawaji kuona mwongozo, mama."

Siku ilipofika, chumba kilipakwa rangi na kuwekwa maua. Afisa afya aliletwa kwa gari la baraza. Jirani wa Wote alifungwa tai, akalalamika kwamba wateja wake ndio hufungwa tai, tena wakiwa hawana la kusema. Kwenye viti vya kungojea waliketishwa madereva na makarani wa idara ya ujenzi, wakaambiwa wakunje nyuso. Hao ndio walikuwa wafiwa.

Mama Kibali alikuwa akiwaeleza wageni alipoona vurugu mlangoni. Mlinzi alikuwa akimzuia mwanamke mzee aliyeshikwa mkono na mkwewe. Mkwe alikuwa na karatasi ya hospitali. Mlinzi alikuwa akinong'ona kwamba leo hapana, leo kuna shughuli.

Mama Kibali aliacha sentensi yake katikati. Alikwenda mlangoni, akamshika bibi yule mkono wa pili, akaingia naye. Dereva mmoja kati ya wale wafiwa wa kupangwa aliinuka mara moja, akavua kofia, akampisha kiti. Wenzake nao wakainuka, mmoja mmoja, wakasimama ukutani, na sasa nyuso zao zilikuwa zimekunjamana kweli. Afisa afya alisoma karatasi, akatia sahihi. Jirani wa Wote alilegeza fundo la tai, akamwonyesha bibi kwenye ramani mahali ambapo mumewe angelala, upande wenye kivuli asubuhi. Karani akapiga muhuri.

Bibi aliishika karatasi, akawatazama wote. "Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mama. Nendeni mkampumzishe."

"Mbona jana mkwe wangu alikuja akaambiwa azunguke mji mzima?"

Mkurugenzi alikohoa. Wageni hawakuelewa, au hawakutaka kuelewa. Walipiga makofi, na wengine walikuwa na machozi. Kesho yake kufuli lilikuwa limerudi mahali pake.

Mama Kibali alisimama mbele ya kufuli lile, karani kando yake. Kwenye benchi watu walikuwa wameshaanza kujipanga. Alifikiri juu ya kamati, na mwanasheria, na mwenyekiti msafiri. Kisha akapanda ngazi haraka kuliko alivyowahi kuzipanda, moja kwa moja kwa Mkurugenzi, aliyekuwa bado anaipitia simu yake akisoma pongezi.

"Mheshimiwa, kuna wageni wengine wanaomba kuja."

Mkurugenzi aling'aa. "Kina nani?"

"Wanafunzi wa uuguzi. Wamesikia sifa zetu."

Ulikuwa uongo mtupu. Aliufanya uwe kweli dakika chache baadaye, akiwa amejibanza chini ya ngazi na simu sikioni.

"Mwanangu, darasa lenu lina hamu ya kuja kuona ubunifu."

"Ubunifu gani, mama? Tuna mtihani!"

"Mtihani haukimbii. Nileteeni watu wenye sare."

Walikuja, chumba kikafunguliwa. Baada yao walikuja wanakwaya, kisha wastaafu wa shirika la posta, kisha walimu. Fundi naye, bila kuelezwa sana, aliwaleta mafundi wenzake wa majokofu, wamechana nywele na kuvaa mashati ya kutokea. Walisimama kwa heshima wakaitazama ramani ya makaburi kana kwamba ni mchoro wa injini. Mkurugenzi alipenda kila ujumbe. Kwa kuwa hakuna aliyejua wageni watatokea lini, mkuu wa idara ya afya alichoka kumtuma na kumrudisha afisa wake, akamwacha hapo hapo. Mwongozo haukupita. Hata hivyo kufuli liliondolewa, na wafiwa wakaacha kuzungushwa.

Bei yake aliilipa Mama Kibali. Kila siku maneno yale yale, kicheko mahali pale pale, mkono ukielekeza ukuta ule ule. Alianza kuichukia sauti yake. Alikuwa akipita karibu na dirisha lake la zamani kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyozaliwa na kuikuta na wapangaji.

Na siku moja, akiwa amewaingiza wastaafu fulani, mwanamume mmoja aliyekuwa ameketi mezani aligeuka. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mkewe.

"Mama," alisema, "sisi hapa ni maonyesho?"

Wastaafu wakatazama viatu vyao. Mama Kibali angeweza kusema maneno ya kitengo, alikuwa nayo mengi. Alikwenda akachutama karibu na kiti chake.

"Nisamehe, ndugu yangu. Wasipokuja hawa, chumba hiki kinafungwa. Utapelekwa nyuma ya soko, halafu makaburini, halafu hapa. Sijapata njia nyingine."

Yule bwana aliwaangalia wageni kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine.

"Basi wasimame nje," alisema.

Tangu siku ile wageni walisimama nje. Waliangalia kutoka mlangoni, wakaelezwa kwa kunong'onezwa, wakaondolewa.

Mwaka uliofuata Mkurugenzi alipandishwa, akahamishwa, sifa za ubunifu zikimtangulia. Alikuja mwanamke mkavu wa maneno, asiyependa makofi. Wiki ya kwanza alimwita Mama Kibali.

"Nimesoma faili lako. Uliwahi kuomba kurudi dirishani ukakataliwa. Mshahara wako hautaguswa. Mimi nimekubali, unaweza kushuka hata Jumatatu."

Mama Kibali alihisi kitu kifuani kikimfunguka, kama mtu aliyevuliwa kiatu kilichombana kutwa nzima. Alikwisha kufungua mdomo kushukuru.

"Na chumba cha chini, mheshimiwa? Kitaendelea?"

Mkurugenzi mpya alifunua karatasi. "Naona mwongozo wake haujapita. Na hizi ziara, ukishuka, hazitakuwa mikononi mwako tena. Atakayeshika kitengo ataamua. Chumba tutakitazama kamati itakapokutana."

"Kamati inakutana lini?"

"Mwenyekiti amesafiri."

Kiyoyozi cha ofisi ile kilifanya kazi. Alihisi baridi mabegani. Alimfikiria karani, mtoto mzuri, asiyejua kudanganya kwenye simu. Alifikiri ni nani ataletwa kukalia viti vya rangi ya chungwa, na kama mtu huyo atakuwa na mume mwenye marafiki mafundi.

"Basi, mheshimiwa," alisema, "niacheni pale pale nilipo. Na ziara naomba niendelee nazo. Nimeshaahidi watu."

"Una hakika? Mlango huu sitaufungua mara mbili."

"Nina hakika."

Hakuwa na hakika. Korido ilikuwa tupu, akasimama kidogo akiegemea ukuta, mkono kinywani. Kisha akashuka. Afisa afya alikuwa ametoka kunyoosha magoti mlangoni mwa chumba.

"Dada, kasemaje bosi mpya?"

"Kasema tuendelee."

"Alhamdulillahi. Nilidhani narudi kwenye ngazi." Aliingia ndani, kiti kikalia alipokikalia. Kwenye benchi palikuwa na familia moja, mama na watoto wakubwa, wanangoja zamu yao wakiwa wameshikana mikono. Mama Kibali aliwapa pole. Halafu akatafuta kona yenye mtandao, akaanza kupiga simu moja baada ya nyingine, akiuliza nani anaweza kuja wiki ijayo.